Winga wa Upande wa Juu

Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa kwa kila kitu isipokuwa mpira. Shamba la mahindi lilikuwa letu sote. Duka lilikuwa letu sote, na rafu zake tupu zilikuwa zetu sote pia. Hata mashine ya kusaga, iliyokufa wiki moja baada ya kufunguliwa kwa ngoma na hotuba, ilikuwa imetufia sote kwa usawa. Lakini mpira ulikuwa wa Novatus. Kipa akiudaka, alimtafuta Novatus. Beki akiupata, alimtafuta Novatus. Novatus akinyang'anywa, wenzake kumi waliusaka kwa jasho, wakaupata, wakamrudishia mwenyewe.

Novatus ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu Jenoveva. Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya kijiji, huku juu ya Myamba, kwa hiyo mechi zake nilizisoma mguuni mwake. Kila Jumatatu asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi langu, akanyoosha mguu wa kulia, akatazama dari. Mimi nilifungua bandeji ya wiki iliyopita na kufunga ya wiki hii. Bandeji zenyewe zililetwa mara moja kwa miezi mitatu, na nadhani nusu yake ilimalizwa na kifundo kile kimoja. Wajawazito na wenye vidonda walisubiri, maana wao walikuwa hawajawahi kufunga goli.

Ili uelewe ujinga wetu ni lazima nikueleze uwanja. Uliochonga uwanja ni msaragambo, ile kazi ya wote inayoitwa kwa baragumu alfajiri, ambayo usipotokea watu wanakuja kuchukua kuku wako. Tulichimba ubavu wa mlima kwa wiki nne ili tupate mahali sawa. Wiki ya tano tukasikia kwamba wageni wa wilaya waliokuwa waje kuutazama wameahirisha safari, majembe yakarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uwanja ukabaki umeinama. Mtu akisimama kwenye mstari wa chini na mwenzake akasimama kwenye mstari wa juu, wa juu anaona utosi wa wa chini bila shida. Mpira ukipigwa popote, unateremka wenyewe mpaka kwenye migomba tuliyopanda ili usiishie bondeni.

Basi timu yetu haikuwa na winga wa kulia wala wa kushoto kama timu za watu wengine. Ilikuwa na winga wa chini na winga wa juu. Novatus alikuwa wa chini. Baada ya mapumziko, timu zikibadilishana magoli, yeye alivuka uwanja mzima ili abaki huko huko chini, kwa kuwa ndiko mpira ulikopenda kukaa. Winga wa juu alivuka naye kwa adabu ili abaki juu.

Huyo wa juu alikuwa Lukasi, mkwe wa mwenyekiti. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na watazamaji na kupokea muwa. Aliweza kumaliza mikono miwili ya muwa katika mechi moja, na kuuliza habari za wagonjwa wa ukoo wake wote. Mkewe, Wema, aliniambia kisimani kwamba jezi ile ya mumewe huwa anaifua kwa heshima tu.

Kocha alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Sylvester. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, wa kamati ya shule, wa kamati ya duka na wa kwaya, na kwa kuwa kilikuwa kimebaki cheo kimoja tu kisicho na mwenyewe, akakichukua ili kisilale bure. Asubuhi alisimama mbele ya ofisi akatuambia habari za kugawana: kwamba mtu anayejilimbikizia ni adui, kwamba jasho la wote ni mali ya wote. Alasiri alisimama kwenye mstari wa uwanja, shati lile lile, sauti ile ile, akipiga kelele, "Mpe Novatus. Nasema mpe Novatus." Sikuwahi kumwona akiona haya.

Timu nyingine hazikuwa za wajinga. Mwaka wa kwanza walimwekea Novatus mtu mmoja wa kumkaba, akawafunga magoli mpaka watoto wakachoka kuhesabu. Mwaka wa pili wakamwekea wawili. Mwaka wa tatu wakamwekea watatu, maana huko juu kwa Lukasi hakukuwa na sababu ya kumwacha mtu hata wa kulinda muwa. Watatu wakimzunguka mtu mmoja, miguu sita inagombea mpira mmoja na kifundo kimoja, na mpira ni mdogo. Magoli yakapungua, uvimbe ukaongezeka. Mwenyekiti akaona tatizo, akalitafutia dawa: akaamuru Novatus apewe mayai mawili ya kuku wa kijiji kila siku ya mechi, na mipira mingi zaidi.

Mechi ya nusu fainali, kule Chome, wenzake walimrudisha amebebwa. Tuliingia fainali kwa goli lake moja, na kifundo kilikuwa kimevimba kama papai. Nilimpeleka Same kwa daktari, saa nyingi juu ya lori la kabichi. Daktari alikiminya, akakizungusha, akaniambia kwa upole, sisi wawili tu, kwamba kano zinashikilia kwa nyuzi chache. Zikikatika hizo, mdogo wangu atatembelea fimbo.

Mtu wa tambarare anaweza kuishi na fimbo. Kwetu ukitaka kwenda shambani unapanda, ukitaka maji unashuka, ukitaka kumzika jirani unapanda tena. Mtu wa mguu mmoja huku ni mfungwa, anakaa mlangoni akisubiri watu wampitie. Novatus alikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyekuwa akibeba tangawizi ya mama mpaka mnadani. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyoogopa mwaka wa ndui.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta barazani akisikiliza redio.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Honorata. Kijana anaendeleaje?"

"Mguu wake ni mbovu. Nimekuja kuomba asicheze Saba Saba."

Akapunguza sauti ya redio, jambo alilolifanya kwa nadra. "Fainali ya wilaya, mbele ya viongozi, unataka nipeleke timu bila Novatus? Niwapelekee nini, kwaya?"

"Basi kama ni lazima acheze, mtafutie mwenzake. Weka mtu wa kweli upande wa juu. Wakiona kuna hatari pande mbili, hawatamwachia watu watatu. Watagawanyika. Huyu atapumua, na yule atafunga."

"Mwanangu," akasema, "nguvu ikigawanywa inapungua. Wewe shika bandeji, mpira tuachie sisi." Alilisema hilo mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa ametufundisha kwa saa mbili kwamba nguvu ikigawanywa inaongezeka. Akarudisha sauti ya redio.

Na mtu wa kweli tulikuwa naye. Alikuwa Isihaka, kijana aliyepanda kutoka kwenye mashamba ya mkonge pamoja na mama yake, Saada, kutafuta ardhi. Walikuwa na miaka miwili kijijini. Kwenye daftari la ofisi alikuwa mwanakijiji kamili, na siku ya msaragambo alibeba mawe kwa uraia wote. Ila mpira ulipoanza, akageuka kuwa mgeni. Jioni alipiga mpira wa matambara kwenye ukuta wa ghala la kahawa kwa mguu wa kushoto, peke yake, mara mia na zaidi, na niliuona ukuta ukianza kubanduka chokaa mahali pamoja tu, duara dogo kama sahani. Nilimweleza mwenyekiti habari za duara lile. Alitoza familia ile faini ya chokaa.

Wiki tatu kabla ya Saba Saba, siku ya Alhamisi, Lukasi akaja zahanati. Alhamisi alikuja daima, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa msaragambo. Mgongo ulikuwa unamuuma. Ulikuwa unamuuma kila Alhamisi kwa miaka miwili, na mimi kila Alhamisi nilimpa aspirini mbili na kumwambia mawe yatamnyoosha. Alikuwa akitaka cheti cha ED, yaani cha kupumzishwa kazi, na sikuwa nimempa hata kimoja.

Siku ile nilimlaza kitandani. Nilimgonga mgongo, nikamwambia avute pumzi, nikatikisa kichwa. Nikaandika ED ya wiki tatu na nusu, kwa mwandiko mzuri, nikapiga mhuri mara mbili. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema kwamba siku zote alijua nina elimu. Msiniulize kama nilidanganya. Mtu alikuwa amenieleza ugonjwa wake kwa miaka miwili, na mimi hatimaye nilimwamini.

Ijumaa nikapeleka nakala ofisini. Pamoja nayo nilipeleka daftari la mkutano mkuu, lililofunguliwa ukurasa wenye sheria iliyopitishwa mwaka uliopita: mwenye ED asionekane barabarani, asionekane kwenye dengelua, asionekane uwanjani. Mwenyekiti alikuwa ameitunga mwenyewe baada ya kuona watu wagonjwa wakinywa pombe ya miwa na kucheza ngoma. Aliisoma, akaisoma tena, akafika kwenye sahihi yake.

"Huyu ni mkwe wangu," akasema.

"Ndiyo maana nimejali afya yake."

Aligeukia dirishani. Nje watu walikuwa wanapita na mawe kichwani, na kila mmoja angependa sana kusikia kwamba mkwe wa mwenyekiti ameugua mgongo kwa msaragambo na amepona kwa mpira. Mwenyekiti naye aliwaona. Akafunga daftari.

"Juu hakuna kazi," akasema mwisho. "Hata huyo wa mkonge atatosha."

Hivyo ndivyo Isihaka alivyoingia kwenye timu, kwa sababu nafasi yenyewe ilionekana haina maana. Kwa wiki tatu alifanya mazoezi nasi. Alikimbia juu ya mstari, akainua mkono, akarudi, akakimbia tena. Hakuna aliyempa mpira. Haikuwa chuki. Kwenye uwanja ule kupiga mpira kwenda juu lilikuwa wazo lisilomjia mtu, na hata lilipomjia, mpira ulipanda hatua tano, ukafikiri, ukarudi.

Siku ya Saba Saba tulishuka Same kwa lori, tukiwa tumebanana na bendera na mahindi ya wageni. Upepo wa Same ulitupokea kwa vumbi la kila siku. Tukaona uwanja. Ulikuwa umelala bapa, mweupe, hakuna pa kuteremkia, na vijana wetu wakasimama pembeni yake wakiutazama kwa mashaka. Kapteni wetu, Eliezeri, mtu mzima mwenye busara zake, ndiye aliyeuliza swali lililokuwa kwenye kila kichwa.

"Chini ni wapi?"

Watu wa mjini walicheka. Sisi hatukucheka. Tulikaa kikao chini ya lori, kikaendeshwa kwa taratibu zote, na baada ya majadiliano mwenyekiti akatoa uamuzi: kwa kuwa milima iko upande huu na reli iko upande ule, chini ni upande wa reli. Novatus atacheza upande wa reli vipindi vyote viwili. Isihaka atakaa upande wa milima, asisumbue. Nadhani katika historia ya mpira sisi ndio timu ya kwanza kuchukua mteremko wetu wenyewe na kuuleta kwenye tambarare.

Wapinzani walikuwa timu ya shamba la mkonge. Walitoka kila pembe ya nchi, watu wenye mabega, na beki wao mkubwa aliitwa Kurwa, mtu wa Usukumani. Alikuwa na adabu sana. Alinikuta nikimfunga Novatus bandeji kando ya uwanja, akachuchumaa.

"Habari za safari, dada. Pole na mgonjwa. Ni mguu huu wa kushoto?"

"Ni huo," nikasema.

Nilikuwa nimeufunga wa kushoto, mzima kabisa, bandeji nene ya kuonekana kutoka barabarani. Wa kulia niliubana kwa kitambaa chembamba, nikauvisha soksi mbili. Kurwa alishukuru, akaenda kuwaambia wenzake.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama mechi zetu zote. Mpira ulipelekwa upande wa reli, na upande wa reli walikuwa wanasubiri watu watatu. Waliupiga mguu wa kushoto kwa uaminifu mkubwa. Novatus alianguka, akainuka, akapewa mpira mwingine, akaanguka. Kila alipoanguka mwenyekiti alisema, "Mpeni tena, anakaribia." Upande wa milima, Isihaka alikuwa amesimama peke yake kwenye eneo la kutosha kulima ekari ya mahindi, mkono juu. Dakika ya thelathini wale wa mkonge wakatufunga goli moja, kwa njia rahisi tu ya kupiga mpira mahali ambapo hakuna mtu.

Halafu, dakika chache kabla ya mapumziko, Novatus akavutwa soksi ya kulia katika purukushani, ikashuka mpaka kwenye kiatu. Kile kifundo kikatoka hadharani, cha zambarau, na kitambaa changu kikining'inia. Kurwa alikitazama. Kisha akageuka akanitazama mimi kwa masikitiko, kama mtu aliyedanganywa na mama yake. Nikajua kipindi cha pili watauhamia mguu wa kulia. Nikakalia sanduku la dawa.

Wakati wa mapumziko walikula machungwa. Mwenyekiti alihutubia. Nilimsubiri amalize, nikamwambia mbele ya wote kwamba Novatus asirudi ndani. Akasema mganga hapangi timu. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Novatus, mguu huo ukipigwa tena hutatembea. Daktari ameniambia."

Hakushtuka. Alikuwa ananyonya chungwa. "Nikitoka mimi, dada, nani atacheza?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na wenzake tisa, waliokuwa wamekaa pale wakiwa na miguu kumi na minane mizima, walitikisa vichwa kumuunga mkono. Miaka mitatu walikuwa wamemwambia kwamba timu ni yeye, na yeye kwa heshima akakubali. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka pia kumbeba mgongoni kama nilivyombeba alipokuwa mtoto, mama akiwa shambani. Vyote viwili visingefaa mbele ya viongozi wa wilaya.

Ndipo nikamwona Eliezeri akikunja ganda la chungwa. Nimesema alikuwa kapteni, na alicheza katikati. Sijasema kazi yake ya nyumbani. Eliezeri alikuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa letu la udongo ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana, kila shamba na zamu yake. Alipima zamu kwa kivuli cha kijiti, na hakuna mtu aliyewahi kumpindisha. Hata mama yake mzazi alifungiwa maji kivuli kilipofika.

"Kaka Eliezeri," nikamwambia, "juzi ulimfungia mwenyekiti mfereji."

Mwenyekiti akakohoa. Eliezeri akasema, "Zamu yake ilikuwa imekwisha."

"Alisema kabichi zake ndizo bora kijijini, maji yote yaende kwake."

"Alisema. Nikamwambia maji yakienda kwa mtu mmoja, kwake yanabomoa matuta, na kwa wenzake panakauka."

"Leo mpira umeugawa wewe. Kipindi kizima umekwenda chini. Tazama matuta yalivyobomoka." Nikaonyesha mguu wa mdogo wangu. "Sasa ni zamu ya nani?"

Eliezeri aliutazama ule mguu. Akatazama upande wa milima, alipokuwa amekaa Isihaka peke yake na chungwa lake. Nilimwona akihesabu kwa midomo, na nikaona uso wake ukibadilika, akaona aibu ya kweli, aibu ya mtu aliyegundua kwamba ameiba kwa miaka mitatu bila kujua.

"Zamu ya juu," akasema.

"Hapana," akasema mwenyekiti, "kocha ni mimi, na ninasema—"

"Kwenye zamu, Mzee, sikusikilizi kule, na hapa sitakusikiliza." Akasimama, akajipangusa kaptura. "Moja juu, moja chini. Atakayevuruga atanikuta kwenye mfereji."

Hilo la mfereji lilitosha. Hakuna mtu pale asiyekuwa na shamba.

Kipindi cha pili kilipoanza, pasi ya kwanza Eliezeri aliipiga juu. Ilikuwa nzuri, ikatoka nje, maana Isihaka alikuwa ameacha kutarajia. Ya pili ikaenda chini kwa Novatus, Kurwa akaja na wenzake wawili, mguu wa kulia ukaponea chupuchupu. Ya tatu ikaenda juu. Safari hii Isihaka alikuwa tayari. Alikimbia peke yake kwenye ile ekari yake, hakuna aliyemfuata kwa sababu hakuna aliyekuwa jirani, akafika mwisho, akaurudisha mpira mbele ya goli kwa ule mguu wa ghalani. Mshambuliaji wetu Gideoni, ambaye kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kukimbia kumkumbatia Novatus, akakuta mpira umemgonga kwenye paja na kuingia wavuni. Hakujua la kufanya. Ilibidi akumbatiwe yeye.

Eliezeri hakushangilia. Alikuwa anahesabu. Nyingine ilikuwa ya chini, akaipeleka chini. Nyingine ya juu, akaipeleka juu, hata pale ambapo mtoto mdogo angeona heri aipige chini. Alikuwa mgumu kiasi cha kuudhi. Lakini wenzetu wa mkonge walianza kuteseka. Wakamtoa mtu mmoja kwa Novatus wakampeleka kwa Isihaka. Isihaka akampita. Wakapeleka wa pili. Kwa Novatus akabaki Kurwa peke yake, anageuza shingo huku na huku kama mtu anayechunga mbuzi wawili waliotofautiana njia. Na Novatus, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa kwanza, alipokea mpira akageuka na kuona nafasi mbele yake. Niliona alivyoshangaa. Alikuwa amesahau inafananaje.

Dakika za mwisho ilikuwa zamu ya chini. Novatus alipokea, akaingia ndani, na Kurwa akaja. Alikuja kwa mguu wa kulia, moja kwa moja, bila kujificha, na mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi tu kutoka pale. Nilijua hatua inayofuata. Novatus siku zote alingoja, akamvuta mtu karibu, akampiga chenga ya mwisho ili watu wapige kelele, na kelele hizo ndizo zilizomvunja. Nikaita jina lake. Sidhani alinisikia.

Hakungoja. Aliupiga mpira ule juu, mbali, kuvuka uwanja mzima mpaka upande wa milima, kisha akauvuta mguu wake. Kiatu cha Kurwa kilipita patupu, na mwenye kiatu akaenda chini kwa kishindo. Upande wa pili Isihaka aliutuliza mpira, akatembea nao, akamtazama kipa, akauweka pembeni taratibu. Magoli mawili kwa moja. Watu wetu walivamia uwanja wakimkimbilia Isihaka, mwanakijiji mwenzetu tangu siku ya kwanza, kama kila mtu alivyokuwa akisema sasa. Mimi nilikimbilia upande mwingine. Novatus alikuwa amesimama, miguu yote miwili ardhini, na nililia mbele ya viongozi wa wilaya bila kufunika uso.

Njiani kurudi, mwenyekiti alihutubia juu ya lori mpaka Myamba. Alieleza kwamba mpango wa mawinga wawili ameufikiria tangu zamani, kwamba ni ujamaa ulioingia uwanjani, na kwamba alimwacha Isihaka juu kwa siri ili adui asimjue. Watu walipiga makofi. Lukasi alibaki nyumbani siku zake zote za ED, mlango umefungwa, anasikiliza shangwe kupitia dirisha. Zilipokwisha alikuja kudai jezi yake, Wema akamwambia ameshaipeleka kwa Saada, na kwamba siku hizi inahitaji sabuni.

Jumatatu iliyofuata Novatus alikuja zahanati kama kawaida. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha mguu wa kulia, akatazama dari. Nikafungua kitambaa. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Nilitafuta jeraha jipya, sikuona hata mkwaruzo.

"Hakuna cha kufunga," nikamwambia.

Hakuondoa mguu. Nje watoto walikuwa wanapita kwenda shule wakiimba wimbo mpya, na jina lililokuwa ndani yake halikuwa lake.

"Dada," akasema, "mwishoni hawakunipiga hata kidogo. Ni kama wamenisahau."

Alilisema kama mtu anayelalamika kwamba ameibiwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na mengi yalikuwa makali, maana nilikuwa nimetumia bandeji za miaka mitatu kwa sababu ya sifa zile. Nikamtazama usoni nikayameza. Nikamvisha soksi mwenyewe, ingawa angeweza kuivaa.

"Zamu yetu ya maji inaanza saa mbili," nikamwambia. "Mama anakusubiri."

Aliinuka akatoka. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipanda njia ya shambani, ule mteremko mkali wa nyuma ya kanisa, jembe begani, hatua ya kushoto na hatua ya kulia zikilingana. Nikasimama pale mpaka alipopotea kwenye migomba, kisha nikamwita mgonjwa wa kwanza.